UZI MAALUMU: Bustani ya uani na kuhifadhi chakula kwa tuliojifungia nyumbani, Mtwara na Lindi

#1 Kusi_la_Mei

Wakuu, salaam. Tangu shule zifungwe tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wamepunguza kutoka, na wapo waliojitenga kabisa siku 14 kwa sababu wametoka safari au wamekaa karibu na mgonjwa. Nyuzi za bustani zimejaa humu, ila nyingi zinaandikwa kwa udongo wa Arusha na Lushoto. Mtu wa Shangani au Mikindani akizifuata ataishia kumwagilia mchanga tu. Huu uwe wa pwani ya kusini: mchanga, maji ya chumvi, mvua iliyo ukingoni mwa kukatika, na upepo wa kusi unaokuja Mei.

Tukubaliane kwanza kwamba bustani iliyopandwa leo haikulishi wiki hii. Nyanya, tangu uhamishe mche mpaka tunda liive, ni miezi miwili na ushee. Anayekimbilia nyanya wakati amejifungia anajitesa. Anza na kinachotoka haraka. Choroko zilizochipua ni siku tatu. Majani ya kitunguu ni siku kumi hivi. Mchicha wiki tatu hadi nne. Matembele wiki tano au sita, na hayo ukishayapata hayakuishii. Bamia inakaribia miezi miwili. Katikati ya hapo unakula ulivyokausha, na kukausha ndiko kutakochukua nafasi kubwa ya uzi huu.

Choroko: kikombe kimoja, chambua, toa zilizotobolewa na zilizovunjika. Loweka masaa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji yote, weka kwenye chujio au bakuli lililofunikwa kitambaa kibichi, mahali pa giza. Suuza mara tatu kwa siku, na kila mara hakikisha maji yametoka yote. Mikia ikifika sm 2 hadi 3 zipo tayari. Kaanga na kitunguu dakika tano au zitie kwenye mchuzi wa nazi mwishoni. Usile mbichi: joto na unyevu unaochipusha choroko ndio huohuo unaokuza vijidudu vya kuharisha.

Vitunguu vilivyoanza kuota jikoni msivitupe. Vipandeni kwenye kopo, mizizi chini, shingo nje, na myakate majani yakifika sm 20. Na mwenye mlonge uani asilalamike mboga kabisa.

#2 Sado_Moja

Mkuu, zikianza kunuka uchachu siku ya pili tatizo nini?

#3 Kusi_la_Mei

Maji yanatuama chini, au umerundika nene. Tabaka lisizidi sm 2. Zikiteleza kama zina makamasi, mwaga, usijaribu kuziokoa kwa kuosha. Na kama hazikuota kabisa, kuna uwezekano ni choroko za zamani au zilizotiwa dawa ya ghalani. Ukinunua sokoni uliza kama zina dawa kabla ya kulipa. Za dawa si za kuchipusha wala za kula leo.

#4 Mama_Kitalu

Naongezea upande wa gunia, maana wenye uani wa saruji ni wengi.

Gunia la kilo 100 linachukua debe sita hivi. Debe tatu za udongo, mbili za samadi iliyooza, moja ya kokoto. Huku kwetu mchanga haushiki maji, kwa hiyo kwenye zile debe tatu punguza nusu debe na uweke makumbi ya nazi yaliyochambuliwa nyuzinyuzi. Makumbi yaliyolazwa pwani yana chumvi, yaloweke siku mbili ukibadilisha maji ndipo uyatumie. Maganda ya korosho usiguse, mafuta yake yanababua ngozi.

Kunja mdomo wa gunia nje mara mbili ili usichanike. Weka udongo uliochanganywa sm 15 chini, ukanyage kidogo. Hapo katikati simamisha kopo la rangi la lita nne lililotobolewa juu na chini, lijaze kokoto, jaza udongo kuzunguka, kisha vuta kopo juu ukiacha kokoto zimesimama. Rudia mpaka juu. Kokoto zikifika hadi kitako cha gunia maji yote yanapita moja kwa moja na kutoka chini, mimea ya pembeni inakauka huku wewe unaona unamwagilia. Ndiyo maana ya zile sm 15.

Asiyekuwa na kokoto avunje vifuu vya nazi, vinafaa vilevile.

Acha gunia siku tatu, limwagilie lishuke, jazia. Kisha toboa pembeni kwa kisu, alama ya V, umbali wa sm 20 kati ya tundu na tundu, na mstari wa chini usipangane na wa juu. Pembeni panda matembele, spinachi au mnavu. Juu weka bamia tatu, basi. Watu wanapenda kubana mimea kumi juu, matokeo yake zote zinakuwa nyembamba.

Maji lita tano asubuhi, jioni lita tatu kama hakuna mvua. Mimina kwenye kokoto zaidi kuliko kwenye udongo. Viroba vya sandarusi vinaliwa na jua, kwa hiyo upande wa magharibi uzibe kwa kuti.

Samadi: ichomeke mkono hadi kwenye kifundo. Ikiwa na joto bado haijaiva, itaunguza mizizi. Iliyoiva haina joto, haina harufu ya zizi, na huwezi kutambua nyasi zilizokuwamo.

#5 Mtu_wa_Ligula

Shukrani dada. Swali la maji sasa. Kisima chetu kina chumvi, chai ya kisima hicho hainyweki. Nimwagilie tu?

#6 Mama_Kitalu

Inategemea mmea, kaka. Spinachi na mchicha vinavumilia kiasi, kunde pia. Maharage, karoti na vitunguu vitakufa au vitadumaa. Dalili ni ncha za majani kukauka kahawia kuanzia pembeni, na ukoko mweupe juu ya udongo.

Kosa la wengi kwenye maji ya chumvi ni kumwagilia kidogokidogo mara nyingi. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu palepale penye mizizi. Mwagilia mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini, upumzishe. Usimwagie majani, hasa mchana.

Na tumia mvua iliyobaki. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 200, hata ukipoteza robo unabaki na lita 150. Maji ya dakika za kwanza yaache yapite, yana mavi ya ndege na vumbi. Mvua nzuri moja ikipiga gunia inasafisha chumvi ya wiki nzima, kwa hiyo usilifunike.

#7 Chikongola_Kwetu

Mchicha kwa wenye kipande cha ardhi. Tuta upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, samadi debe moja kwa kila mita mbili za urefu, changanya na udongo wa juu sm 15. Mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu, kiasi kimoja cha mbegu kwa vitano vya mchanga, ndipo umwage kwenye mifereji ya sm 1 iliyoachana sm 20. Fukia kidogo, funika kwa makuti membamba mpaka zichomoze siku ya nne au ya tano, halafu YAONDOE siku hiyohiyo. Ukichelewa mche unarefuka mweupe na kuanguka.

Zisipoota, mara nyingi zimebebwa na sisimizi. Zungushia tuta majivu makavu. Mvua ikinyesha majivu hayafanyi kazi tena, rudia.

Panda mstari mpya kila wiki, usipande tuta zima siku moja. Kwanza kula miche unayopunguza, kisha inayobaki kata ukiacha sm 10 na vifundo viwili vitatu, inachipua tena. Ukiona imeanza kutoa maua ng'oa, majani yanakuwa magumu.

Adui mkubwa kuliko wadudu wote ni kuku wa jirani. Nyavu kuukuu za kuvulia, vijiti vya mita moja, chini kandamiza kwa mawe. Hakuna dawa nyingine, na ugomvi na jirani wakati huu wa kuhitajiana haufai.

#8 Sado_Moja

Wadudu mafuta kwenye kunde na bamia je?

#9 Chikongola_Kwetu

Majani mabichi ya mwarobaini kilo moja, twanga, loweka kwenye maji lita tano usiku kucha, chuja kwa kanga, tia sabuni ya kipande iliyokwanguliwa kijiko kimoja cha chai. Nyunyiza jioni, chini ya majani ndiko waliko. Mchana jua linaharibu dawa na sabuni inaunguza majani. Rudia baada ya siku tano. Osha mboga vizuri kabla ya kupika, ule uchungu unabaki.

#10 Ngonda_Halisi

Tuje kwenye samaki, maana hapo ndipo pesa inapotea. Ukitaka kwenda soko la samaki la Feri mara moja kwa wiki badala ya kila siku, lazima ujue kutia chumvi.

Chagua samaki wasio na mafuta mengi: changu, pono, tasi, chewa. Wenye mafuta wanapata ukakasi haraka hata wakikauka vizuri, hao wabanike na kula ndani ya siku chache. Na kwa vibua, jodari na sehewa mkazo uwe mkubwa zaidi. Samaki hawa wakikaa kwenye joto masaa kadhaa baada ya kufa, nyama inatengeneza sumu inayoitwa histamini. Mlaji uso unawaka, kichwa kinauma, mwili unatoka vipele. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kwa chumvi wala kwa moshi. Usinunue vibua vya bei ya kutupa saa tisa mchana ukidhani utawaokoa kwa chumvi.

Kilo nne za samaki kwa kilo moja ya chumvi. Pasua kwa mgongoni, mfungue kama kitabu, toa matumbo na mashavu, na kwaruza ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo. Damu hiyo ndiyo inayoanza kuoza. Osha. Mwenye nyama nene mchanje mistari ya sm 2 ili chumvi iingie.

Ndoo ya plastiki: chumvi chini, samaki ngozi chini, chumvi, samaki, hivyo hivyo mpaka juu. Tabaka la mwisho ngozi iangalie juu. Sahani na jiwe safi juu yake. Baada ya muda maji yatatoka na kuwafunika, waache ndani ya hayo maji. Wembamba masaa 24, wanene masaa 48. Ndoo ikae kivulini, na iwe ya plastiki, si ya bati. Bati linakula kutu.

Kisha suuza haraka kwenye maji ili chumvi ya juu iondoke, tundika au tandaza kwenye chanja cha urefu wa mita moja kutoka chini. Chanja kiwe cha fito zilizoachana ili upepo upite chini na juu. Siku ya kwanza kivulini penye upepo. Ukimweka kwenye jua kali siku ya kwanza, juu panakuwa gamba gumu na ndani panabaki maji. Utamwona mkavu, wiki moja baadaye ananuka ndani. Siku ya pili na kuendelea jua kamili. Geuza mara mbili kwa siku. Ingiza ndani kabla ya umande, na usiku wabane kwa ubao na jiwe, maji ya ndani yatatoka nje na kesho yake watakauka haraka zaidi.

Amekauka ukimbonyeza kwa dole gumba penye unene na hapabonyei. Siku tatu hadi tano, kwa mvua hizi za Aprili hata saba.

Nzi wanataga masaa ya mwanzo, kabla gamba halijashika. Chandarua kuukuu juu ya chanja, kisiguse samaki.

#11 Mtu_wa_Ligula

Mzee, kilo moja kwa nne ni chumvi nyingi mno. Wengi wanapaka viganja viwili tu na ng'onda zao, samaki waliokaushwa, ziko sokoni.

#12 Ngonda_Halisi

Ziko sokoni mwezi wa saba, mwanangu. Kusi likivuma na anga kavu, samaki anakauka kabla hajaoza, hata chumvi kidogo inatosha. Aprili hewa imejaa maji, samaki anakaa mbichi siku mbili tatu, na katika siku hizo kinachomlinda ni chumvi pekee. Kipimo kinafuata msimu.

Mwenye presha au anayepikia wazee: loweka masaa 6 hadi 12, badilisha maji mara tatu, ndipo umtie kwenye nazi. Maji ya kwanza mwaga, wala usimwagie bustani.

Dagaa ni rahisi zaidi. Lita moja ya maji, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, yachemke kabisa ndipo uwatie. Macho yakiwa meupe, dakika tatu hadi tano, epua, chuja, tandaza kwenye wavu. Wakikaushwa mchangani wanakuja na mchanga, na meno ni yako.

Hifadhi kwenye kikapu au boksi lililotandikwa karatasi, pakavu, juu juu. Nailoni iliyofungwa inatoa jasho na ukungu. Kila wiki watoe juani masaa mawili, wale wadudu wadogo weusi wenye mabuu ya manyoya wanakimbia.

#13 Fundi_Kaushio

Kwa mboga na matunda nashauri kaushio badala ya mkeka. Fremu ya mbao urefu mita 2, upana mita 1, miguu ya mbele sm 60 na ya nyuma sm 90 ili lilale kuelekea jua. Chini bati au turubai jeusi, sm 15 juu yake wavu wa dirisha uliokazwa, juu nailoni angavu nzito. Upande wa chini acha uwazi wa sm 5 kote, upande wa juu vilevile, zote zibwe kwa wavu. Hewa inaingia chini, inapata joto, inatoka juu na unyevu.

Ukiona matone ndani ya nailoni, uwazi wa juu ni mdogo. Joto linalotakiwa ni nyuzi 45 hadi 60. Likizidi, mambo ni yaleyale aliyosema mzee, gamba nje na maji ndani.

Nyanya: kata duara za nusu sm, nyunyiza chumvi kidogo, panga zisigusane. Siku mbili za jua. Zikauke mpaka zikunjike kama ngozi bila kunata. Sado moja inaingia kwenye kopo dogo.

#14 Sado_Moja

Mbona bibi zetu wanakausha mboga kwenye ungo juani na mambo safi tu?

#15 Fundi_Kaushio

Mambo safi kwa maana ya kukauka. Ila jua likipiga majani moja kwa moja linaua vitamini A, na mboga inapauka. Kivulini ni bora, lakini kivuli cha Aprili hapa pwani kitakupa ukungu. Katikati ni hivi: kaushio, na juu ya wavu utandaze kaniki au kitambaa cheusi chepesi. Joto linapita, mwanga haupiti. Kusi likishika, kausha kivulini penye upepo bila hata kaushio.

Majani ya kunde, matembele na ya maboga: osha, chovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo dakika mbili, toa, poza haraka kwa maji safi, kamua, tandaza jembamba. Kule kuchovya kunazuia majani kubadilika rangi na ladha yakiwa ghalani. Kilo kumi mbichi zinakuja karibu kilo moja. Yakiwa tayari yanavunjika kwa sauti, yakipinda bado.

KISAMVU usikikaushe kizima. Kina sianidi. Kitwange kwanza kilainike kabisa, kiache kidogo, kichemshe bila mfuniko, ndipo ukamue na kukausha. Kutwanga ndiko kunakofungua sumu itoke, na mfuniko unairudisha sufuriani.

#16 Mama_Kitalu

Hapo kwenye sianidi ongezeni na muhogo wenyewe. Mwezi mtukufu unakuja, kila nyumba itataka muhogo wa futari, na wengi watanunua gunia zima mara moja.

Muhogo mbichi ukishang'olewa una siku mbili tatu, kisha ndani unapata michirizi ya bluu. Mwenye shamba auache ardhini, ang'oe wa siku hiyo. Isipokuwa kama shina lina dalili za michirizi ya kahawia, huo ng'oa mapema kwa sababu mizizi inaozea humohumo. Uliokwisha kung'olewa ufukie kwenye mchanga wenye unyevunyevu, kivulini, usiwe umechubuka, utasogea siku kadhaa mbele.

Makopa, yaani vipande vilivyokaushwa, ya muhogo mchungu ndiyo yenye hatari. Menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, kisha ndipo ukaushe. Kumenya na kuanika moja kwa moja kunaacha sumu nyingi ndani. Ugonjwa wa konzo, ule wa miguu kukakamaa ghafla na kutorudi tena, umeripotiwa mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku hawapati samaki wala kunde. Ukiwa umejifungia na unakula ugali wa muhogo kila siku bila kitoweo, hilo linakuhusu.

Kama una unga tayari na hujui ulivyoandaliwa: tia kwenye beseni, weka alama ya kimo chake, ongeza maji ukikoroga mpaka kimo kirudi pale pale kwenye alama. Tandaza kwenye mkeka, unene usizidi sm 1, masaa mawili juani au matano kivulini. Sumu inapaa na hewa. Usonge ugali siku hiyohiyo, unga huo haulali.

Makopa yenye ukungu mweusi au wa kijani yatupwe. Kukwangua hakutoi sumukuvu.

#17 Ndimu_na_Chumvi

Achari kwa kifupi, kwa kuwa ndimu zipo. Ndimu 20, zioshe na KUZIFUTA ZIKAUKE, maji ndiyo yanayoleta ukungu. Pasua nne bila kuachanisha, shindilia chumvi, kwa kilo moja ya ndimu chumvi gramu 150. Pilipili mbuzi sita zilizochanwa. Chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa juani, bana ndimu mpaka maji yake yapande yazifunike. Jua la mchana wiki mbili hadi nne, tikisa kila siku. Maganda yakilainika yakabadilika rangi imeiva. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.

Rojo la nyanya kwenye chupa: kwa kila nusu lita tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, kisha chemsha chupa zenye rojo ndani ya sufuria ya maji dakika 40, maji yazidi kizibo kwa sm 3. Uchachu huo ni lazima, ndio unaozuia kijidudu kinachotoa sumu kwenye chupa isiyo na hewa. Kwa sababu hiyohiyo maharage, nyama, samaki na majani msiweke kwenye chupa kwa mtindo huu hata kidogo. Kausheni.

#18 Kusi_la_Mei

Mbaazi, kunde na choroko za akiba: fukusi anatoka nazo shambani, haji usiku kutoka kwa jirani. Kwa hiyo kufunga mdomo wa gunia la kawaida hakusaidii. Chupa za maji za lita moja na nusu, zikaushwe kabisa, jaza punje mpaka shingoni ukigongagonga chini zishuke, kizibo kaza. Wadudu wanamaliza hewa na kufa. Ukiacha nafasi robo chupa, umewaachia hewa ya kuishi. Usifungue kabla ya wiki tatu, na fungua chupa moja moja.

Kabla ya kujaza pima ukavu. Kikombe cha punje na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kikaangoni, ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, punje bado zina maji, rudisha juani.

#19 Chikongola_Kwetu

Kuhusu aliyejitenga kwa maana ya kuwa na dalili: huyo asiguse chakula cha wenzake, asitwange, asikaushe samaki. Anaweza kutunza makopo ya miche dirishani kwake, na kuchambua mbegu za kupanda yeye mwenyewe. Chakula kiwekwe kwenye kigoda mlangoni, mleta abishe na kuondoka, ndipo aliyejitenga achukue. Vyombo vyake peke yake, vioshwe mwisho kwa maji ya moto na sabuni.

Ratiba inayokubaliana na jua: saa 12 asubuhi kumwagilia na kuchuma mboga, maana zina maji. Saa 3, umande ukishakauka, toa vya kuanika. Saa 7 geuza. Saa 10 ingiza ndani, angalia mawingu ya baharini kabla ya hapo. Saa 11 kumwagilia tena na kukagua chini ya majani.

Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe njiani kati ya bustani na jiko: dumu la lita tano, tundu moja la msumari wa moto sm 10 chini ya mdomo, kamba shingoni iende kwenye kijiti cha kukanyaga, sabuni itundikwe kwenye neti. Tundu likiwa chini sana maji yanachuruzika hata bila kukanyaga.

Jik ya asilimia 3.5: kiasi kimoja kwa maji sita inakupa nusu asilimia, ya kufutia vitasa na choo. Changanya ya siku hiyo tu. Usichanganye na ndimu, siki wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi inayochoma mapafu. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, si kwa jik wala sabuni.

#20 Mtu_wa_Ligula

Maji ya kufulia je, nimwagilie gunia?

#21 Mama_Kitalu

Ya suuza ya mwisho mpe mpapai au mgomba, kwenye shina, ukibadilisha mti kila siku. Yenye sabuni ya unga au jik yamwage mbali. Mboga za majani zipe maji uliyooshea mchele na mboga, hayo hayana neno.

#22 Sado_Moja

Na mbegu za matembele napata wapi bila kwenda sokoni?

#23 Mama_Kitalu

Matembele hayana haja ya mbegu. Omba jirani marando yake, yaani yale mashina yanayotambaa, akuwekee ukutani. Kata kila rando sm 30 kutoka nchani, toa majani ya chini, liache kivulini siku moja. Fukia vifundo vitatu au vinne likiwa limelala mshazari. Usichukue yenye majani yaliyojikunja au madoa ya njano, utahamisha ugonjwa. Maji kila siku wiki ya kwanza, na usichume hata jani moja mpaka uone machipukizi mapya matatu.

#24 Ngonda_Halisi

Fundi, hilo kaushio lako nailoni nzito ya unene gani? Ya dukani huku inachanika na kusi.

#25 Fundi_Kaushio

Mzee, omba ile ya kufunikia vitalu vya nyanya, ikikosekana kunja ya kawaida mara mbili. Usiipigilie misumari moja kwa moja, weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya nailoni na msumari. Na miguu ifungwe kwenye mawe, kusi likianza huwa linabeba kaushio na vilivyomo.